Mtani Haitwi Upesi

Mwaka ule Musoma ilikuwa na habari nyingi za kusimulia. Mitumba imeruhusiwa, vijana wa Mwisenge wanatembea na makoti ya baridi jua la saa saba, jasho linawatiririka lakini koti halivuliwi. Sabuni ya kunukia imeonekana dukani, watu wakawa wanaingia kuinusa tu halafu wanatoka. Lakini habari iliyozipiga zote chini, ikavuka mpaka Butiama na Bunda, ni ya Mzee Masatu kunywa sukari ya matanga yake mwenyewe, tena akaomba aongezewe.

Tuanzie kwa Hana, maana yeye ndiye aliyemuua.

Hana alikuwa nesi, mwembamba, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo. Alishakaa wodi ya vifua mpaka akaijua mihemo ya watu kama mama anavyojua vilio vya wanawe, halafu akaenda Dodoma kusomea kuuguza wagonjwa wa akili. Aliporudi kichwa kilikuwa kimejaa hadi kinamwagika. Wenzake wakamwuliza kwa nini ahangaike na vitu viwili visivyo na undugu.

"Havina undugu? Wee! Hebu ziba pua na mdomo, tuone kama akili itabaki."

Hoja yake ndiyo hiyo. Mtu akikosa pumzi anaogopa. Akiogopa, kifua kinabana zaidi. Kikibana kila siku, ile hofu inachoka, inakaa chini, inageuka huzuni nzito, sonona. Na mwenye sonona hali, haamki, hajinyooshi, basi kifua nacho kinazidi kuziba. "Yanapokezana kama wanawake wenye pipa moja la maji," alikuwaga anasema. "Ukitibu moja ukaacha lingine, unachota maji kwa tenga."

Sista Petronila, mkuu wa wodi, mwanamke aliyekuwa anapiga pasi hata soksi, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamwonyesha vitanda vya upande wa dirisha la ziwani.

"Kona yako hiyo. Dawa ni za kubahatisha, mtungi wa oksijeni ni mmoja hospitali nzima, na habari ya mashuka usiniulize."

Hana hakuuliza. Alikusanya chupa tupu za dripu, akazitia maji nusu, akachomeka mpira mwembamba, akawapa wagonjwa wapulize mapovu ili kifua kijifunze kutoa hewa taratibu. Akawafundisha kuvuta pumzi kwa pua, kisha kuitoa kwa midomo iliyobinywa, polepole, kama mtu anayepoza uji wa moto. Basi kutwa nzima upande ule unasikia blu-blu-blu-blu, kama vyura mvua ikianza. Manesi wengine wakaubatiza Kona ya Wapoza Uji.

Wote wa kona ile walipuliza, isipokuwa Mzee Masatu.

Mzee Masatu alikuwa mtu wa Bugwema, ila nguvu zake aliziachia Bunda, kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba. Chumba cha mashine, vumbi la pamba linaelea humo kama ukungu, na yeye ndani tangu ujana, bila hata kitambaa puani. Jioni walikuwaga wanatoka weupe nyusi na kope, watoto wanawakimbia wakidhani mizimu. Vumbi lile ndilo lililomla kifua. Sasa kwenda chooni na kurudi kwake ni sawa na kupanda mlima na gunia kichwani.

Na huyu ndiye mtu aliyekuwaga akiingia harusini, bibi harusi anasahaulika! Mdomo wake ulikuwa unaweza kuchekesha jiwe. Sasa alilala kaupa ulimwengu mgongo, uso ukutani. Uji ukiletwa unapoa mpaka unashika ngozi. Chupa ya mapovu akiwekewa anaiangalia kama mtu anayeangalia maji ya deki ya jana. Hana akajipenyeza kati ya kitanda na ukuta, akaweka kigoda, akakaa uso kwa uso naye, akatabasamu. Mzee akageukia upande wa pili.

Siku moja Hana akainama akamwuliza pole pole, "Mzee, unatakaga kufa?"

Dorotea, binti yake aliyekuwa anamuuguza, nusura adondoshe kikombe. "Nesi! Jamani, maneno gani hayo?"

"Kumwuliza si kumtia wazo, dada. Wazo kama lipo, lipo, linamkaa peke yake. Afadhali tukae nalo watatu."

Mzee akamtazama Hana kwa macho ya mtu aliyechoka. Akafumba macho tu, na Hana akaelewa kwamba hilo ndilo jibu.

Jumanne akaja Thadeo, kaka yake Dorotea, kifungua mimba, mwanaume wa kusimama mlangoni na funguo mkononi wakati hana gari.

"Jumamosi kuna lori la pamba linarudi tupu. Nimeongea na dereva. Namchukua mzee, akafie nyumbani."

"Kaka, anakusikia!" Dorotea akamvuta shati.

"Asikie. Mtu hai anapanda lori na wenzake. Maiti anakodiwa gari lake. Kama mzee anabisha, abishe."

Wakageuka wote kutazama kitandani. Mzee Masatu, ambaye zamani alikuwa anabishana hata na redio, hakubisha.

Hana akakimbilia kwa Sista Petronila. Sista akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Binti, korido imejaa watu wanahema wamelala chini. Yule wako hali, hapulizi, hasemi. Kama mpaka Jumamosi ni vilevile, mimi namzuia kwa lipi?"

Ndio hapo. Kama akipakiwa kwenye lori lile, na vumbi la barabara, na mabaki ya pamba yamejaa sakafuni, hata Bugwema hafiki. Hana alijua. Thadeo pengine alijua pia.

Jioni Hana akamkuta Dorotea nyuma ya wodi, anafua kwa majani ya mpapai, maana sabuni ya kunukia ilikuwa ya kunusa, nimeshasema.

"Dada Dorotea, hivi zamani nani alikuwaga anamchekesha mzee?"

"Baba? Baba ndiye alikuwaga anachekesha watu."

"Na yeye je? Kinyozi naye ananyolewa."

Dorotea akaacha kufua. Uso wake ukafunguka kidogo. "Labda Wankyo. Wankyo wa Butiama, mtani wake. Ukoo wetu na wao ni watani tangu enzi za mababu. Wakikutana mnadani hawa, watu wanaacha kununua ng'ombe! Baba anapaza sauti, 'Nani kamwachia huyu ng'ombe mzee bila kamba?' Wankyo naye, 'Nilikuwa nakutafuta wewe mkia wangu, nani atanifukuzia nzi?'"

"Sasa mbona haji?"

"Baba hataki aambiwe. Anaona aibu mtani amkute anahema kama mbwa wa mchana."

Hana alishasimama. Macho yanawaka kama mtu aliyeokota ng'ombe njiani.

"Lakini nesi," Dorotea akasema, "mtani huwa haitwi hivi hivi tu, mtani anaitwaga..."

Anamwambia nani? Hana alishafika getini. Na hapa tumsamehe kidogo. Baba yake alikuwa mwalimu, yeye kakulia Mwisenge na mabweni ya shule. Utani aliujua kama maneno ya kuchokozana darasani. Hakujua kwamba utani ni kazi.

Getini alikuwepo Bernado, dereva wa gari la maziwa, anajiandaa kurudi Butiama na madebe matupu.

"Bernado, unamjua Mama Wankyo?"

"Nani hamjui Wankyo? Sauti yake inafikaga kabla yake."

"Mwambie mtani wake, Mzee Masatu, yuko hapa hospitali. Anahitajika. Aje upesi."

Bernado akamwangalia. "Mtani wake Masatu."

"Ndiyo."

"Upesi."

"Upesi sana. Na kama kuna wenzake wa kuja nao, waje tu, wachangamshe."

Bernado akavua kofia, akaishika kifuani. "Basi pole sana, nesi."

"Asante," Hana akajibu kwa furaha, akidhani anapewa pole ya kazi.

Sasa, msomaji wa upande ule ameshashika kichwa. Mtani haitwi upesi kwa mgonjwa. Mgonjwa anaitiwa ndugu, anaitiwa padri, anaitiwa mganga. Mtani akiitwa upesi, ujue mtu amekwisha kata roho, na mtani anatakiwa akafanye yake: kuvaa nguo za marehemu, kutembea kama marehemu, kumtukana marehemu mpaka wafiwa wacheke machozi yakiwa bado mashavuni. Kazi hiyo haifanywi na mtu mwingine.

Usiku ule ule Butiama wakawa wanalia. Kesho yake balozi wa nyumba kumi akaandika kibali. Maana siku zile sukari ilikuwa kwa kibali na nguo kwa kibali, na kibali kilichotoka haraka kuliko vyote ni cha msiba. Ukiwa hai unazungushwa mwezi mzima kwa kikombe kimoja, ukifa tu unapewa kilo za kutosha na bafta nyeupe ya sanda juu. Watu walikuwa wanasemaga hali imekuwa ngumu mpaka inabidi ufe ndio wenzako wanywe chai.

Ijumaa, saa za kutazama wagonjwa, Hana alikuwa anamfunga mgonjwa mmoja kaniki begani ili akae wima, akasikia kelele korido. Kwanza akafurahi. Wankyo huyo kaja! Halafu akasikiliza vizuri. Ile haikuwa sauti ya watu wanaokuja kuona mgonjwa. Ilikuwa wimbo.

"Masatu eee, kafa na kikohozi chake,
mchoyo huyu, hata makohozi hakutuachia!"

Sista Petronila alisimama katikati ya mlango, mikono kiunoni. "Nyie! Hapa hospitali! Mnakwenda wapi na kuni?"

"Tunamfuata marehemu," ikajibu sauti nzito. "Mmemweka wapi?"

"Marehemu gani?"

"Masatu."

Sista Petronila akageuza shingo, taratibu, akamtazama Hana. Hana akafungua mdomo ajieleze.

Kabla hajapata neno, Wankyo alishapita chini ya mkono wa Sista. Mwanamke wa nguvu, miaka sitini na ushei, kavaa koti la kiume limegeuzwa ndani nje, kofia imekaa kisogoni, na nyusi zake kazibandika pamba, nyeupe pee. Nyuma yake wanawake wana masufuria, mmoja kabeba sukari kichwani, mwingine bafta imekunjwa kifuani. Wankyo akapinda mgongo, akaweka mkono kiunoni, akaanza kutembea ule mwendo wa Masatu, bega moja mbele kama mtu anayesukuma mlango.

"Dorotea!" akaunguruma kwa sauti ya Masatu ile ile. "Hiki ni ugali au kidonge? Nisongee ugali wa udaga wa muhogo, wa mwanaume! Na samaki hii furu mbona ina macho tu, mwili kala nani?" Akakohoa, kohoo refu la kuzunguka zunguka, akamalizia na kijimluzi.

Kule kitandani, ule mgongo uliokuwa umeupa ulimwengu kisogo ukatikisika. Mzee Masatu akajigeuza.

"Uongo," akasema. Sauti imekauka kama ufagio. "Mimi sijawahi kukohoa kama mbuzi."

Weee! Aliyebeba sukari akakaa chini na sukari yake. Kuni zikamwagika. Mama mmoja akarukia nje kwa dirisha, bahati dirisha lenyewe liko chini. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, ambaye hakuna aliyesema amekufa, naye akajifunika blanketi gubigubi. Aliyebaki wima ni Wankyo peke yake, zile nyusi za pamba zinatetemeka.

"Masatu?"

"Nani mwingine? Na hilo koti ni langu, nililolisahau mnadani."

"Lilikuwa lako. Nimerithi."

"Vua."

"Rudi kwanza ulikotoka, ndio nivue! Nimelia kutoka Butiama mpaka hapa, koo limekauka, halafu unaniambia vua? Huna adabu hata ukifa?"

Ndio ikatokea. Kwanza kama bawaba yenye kutu, kha, kha, kha. Dorotea akashika mdomo. Baba yake anacheka! Anacheka, mabega yanaruka, machozi yanatoka, anamwonyesha Wankyo kidole, anataka kusema kitu, na kile kitu hakitoki. Kicheko kikageuka kikohozi. Kikohozi kikageuka mluzi. Kisha hata mluzi ukakatika, kifua kinapanda hakishuki, midomo ikaanza kuwa ya majivu.

"Oksijeni!" Hana akapiga kelele.

"Iko leba!" Sista Petronila alishatimua mbio, na hakuna aliyewahi kumwona Sista Petronila akikimbia.

Hana akaruka kitandani nyuma ya mzee, akamkalisha, akamwinamisha mbele, viwiko juu ya mto. "Mzee, nisikilize. Usivute. Toa kwanza. Binya midomo. Poza uji, mzee, uji wa moto, poza."

Mzee hakupoza. Alimgeuzia macho, na Hana akayaona. Yalikuwa yale yale ya siku alipomwuliza. Yanasema, niache basi, imekuja yenyewe.

Wankyo alikuwa amerudi nyuma, viganja mdomoni. "Nimemuua," ananong'ona. "Mungu wangu, sasa nimemuua kweli."

Hana akaona kitu. Macho ya mzee yalimpita yeye, yakamfuata Wankyo.

"Mama, usinyamaze," akasema. "Endelea."

"Niendelee nini, mtoto?"

"Mtukane!"

Wankyo akairudisha kofia kisogoni. Akavuta lile koti, akalikalisha vizuri. Akasogea mpaka pua kwa pua na Masatu.

"Kufa basi," akamwambia. Sauti inatetemeka mwanzoni, halafu ikakaa. "Kufa, unasubiri nini? Sanda tunayo, sukari tunayo, wapishi tunao. Umetusumbua tumebeba kuni kutoka Butiama, sasa unatuchelewesha na mluzi? Mimi nitakunywa chai yako yenye sukari vijiko vinne. Na koti hili nitalivaa mnadani, nitasema lilikuwa la mwanaume mmoja aliyeshindwa na uji. Hata uji ulimshinda kupoza!"

Macho ya Masatu yakatoka. Na midomo, ile ya majivu, ikajibinya. Pfff. Kidogo tu, kama mtoto anayejifunza kuzima kibatari.

"Hiyo siyo," Wankyo akamfyonya. "Umepuliza kama kuku."

Pfffff.

"Hivyo hivyo, mzee," Hana akasema sikioni, mkono mgongoni, unashuka na pumzi. "Ndefu zaidi. Mnyime. Usimpe koti huyu mama."

Pffffffffff. Akivuta kidogo kwa pua, anampulizia Wankyo usoni, mpaka pamba ya nyusi moja ikang'oka ikadondoka. Hakupuliza kwa kupenda dunia, jamani, tuseme ukweli. Alipuliza kwa kubisha. Lakini kifua hakiulizi sababu. Sista Petronila akaja na mtungi unagongana na milango na sindano ya aminofilini, wakamchoma taratibu mshipani. Kidogo kidogo ule mluzi ukarudi, halafu ukalegea, na midomo ikapata rangi ya mtu.

Wankyo akatoka korido. Hana alipomfuata akamkuta kaegemea ukuta, anajifuta macho kwa mkono wa koti.

"Usimwambie," akasema.

"Simwambii, mama."

"Na wewe ndiye uliyeniita upesi?"

"Ndiyo, mama. Samahani."

Wankyo akamwangalia juu mpaka chini. "Shule zinawaharibu watoto," akasema, akarudi ndani kumalizia matusi.

Likabaki la sukari. Sista Petronila akaisimamia pale katikati ya wodi kama polisi mwenye kidhibiti. Miaka ile watu walikuwa wameshikwa kwa uhujumu uchumi kwa vitu vidogo kuliko hivyo.

"Hii imetoka kwa kibali cha msiba. Na msiba haupo. Mtarudisha mnasemaje?"

"Mama Sista," Wankyo akasema kwa upole wa kutisha, "kibali kinasema sukari ya msiba wa Masatu. Hakijasema lini."

Kutoka kitandani ikaja sauti nyembamba. "Sukari yangu hiyo. Nileteeni uji."

Dorotea akapasha uji haraka haraka. Mzee akaupoza, ndefu ndefu, kama Hana alivyokuwa akimwomba siku zote, akanywa kikombe, akakitoa. "Ongeza. Na sukari usinipimie kama muuza duka." Wapoza Uji wote wakapata, na waliolala korido, na manesi. Sista Petronila alikataa, akakataa tena, halafu akaonekana nyuma ya pazia kakamata kikombe kwa mikono miwili, kafumba macho.

Bafta nayo ikafunguliwa. Mzee akaishika kati ya vidole, akaisugua.

"Pamba ya kwetu Bunda hii," akasema. "Pengine nimeichambua mimi mwenyewe." Akanyamaza kuhema. "Imekula kifua, sasa inamtaka na mwenye kifua. Hapana. Ngoja kwanza niilalie."

Na kwa kuwa wodi haikuwa na mashuka, wakamtandikia.

Wageni walipoondoka, Hana akarudi kwenye kigoda chake upande wa ukutani. Mzee alikuwa amelala kaelekea kwake, hakugeuka.

"Binti, siku ile uliniuliza."

"Nilikuuliza, mzee."

"Siyo kwamba nataka kufa." Akapoza pumzi moja. "Nimechoka kuianza kila moja upya. Wewe yako inakuja yenyewe. Mimi kila moja naiomba. Na nikiikosa, nawaza, nani atacheka na mtu wa namna hii?"

Hana akakisogeza kigoda karibu zaidi. Akamshika mkono wakakaa hivyo, wanapoza wote wawili.

Jumamosi Thadeo akaingia, funguo mkononi. Akasimama. Baba yake ameketi juu ya sanda, chupa ya mapovu mbele yake, anapuliza mpaka maji yanaruka.

"Mzee, lori liko nje."

Blu-blu-blu-blu. Mzee akamaliza pumzi yake yote kwanza, bila haraka. "Lirudi. Wankyo kasema akija tena atanishinda kwa mapovu. Sina nafasi."

"Lakini mzee, nimeshawaambia watu Bugwema! Wengine wameanza kulia!"

"Waambie nimeahirisha."

Thadeo akazichezesha funguo. Akamtazama Sista Petronila kutafuta msaada.

"Mgonjwa wangu anakula, anapuliza, na anabisha," Sista akasema. "Funga mlango ukitoka, vumbi linaingia."

Hakupona, tusidanganyane. Kifua kilicholiwa hakirudi. Na asubuhi nyingine ukuta ulikuwa unamwita, anaugeukia, uji unapoa. Siku hizo Hana hakumsukuma. Alikaa kigodani, anapiga soga za mjini, nani kanunua koti gani la mitumba na limembana wapi, mpaka mzee achoke kusikia ageuke amwambie aache umbeya.

Wiki kadhaa baadaye Bernado akapita na maziwa, akasimama chini ya dirisha. "Mzee! Mama Wankyo anauliza, ile sanda yake umeichafua kiasi gani?"

Mzee Masatu akainuka, akajikongoja mpaka dirishani mwenyewe, akaegemea, akapoza, akapata sauti. "Mwambie aje aione kwa macho yake. Mwambie mtani wake anamwita, aje up..."

Bernado mkono ulishafika kwenye kofia.

"Polepole!" Hana akaruka kutoka ndani, akamziba mzee mdomo. "Bernado, sikiliza vizuri. Aje polepole. Hata wiki ijayo. Huyu hana haraka yoyote."

Bernado akaikandamiza kofia kichwani, akawasha gari.